Toleo la Kwanza na Chapa ya Kwanza

"Ukurasa wa jina una mwaka 1861, kwa hiyo hili ni toleo la kwanza." Kauli hii haikosekani panapouzwa riwaya kuukuu za Kiingereza, na nusu yake ni makosa.

Kwa kifupi: toleo ni nakala zote zilizotokana na mpango mmoja wa herufi za kuchapia. Chapa ni zile zilizotoka mtamboni kwa mkupuo mmoja. Herufi zikipangwa upya, hilo ni toleo jipya; mtambo ukirudiwa kwa herufi zilezile, hiyo ni chapa ya pili tu. Mkusanyaji anayetoa pesa nyingi anatafuta chapa ya kwanza ya toleo la kwanza.

Maneno yenyewe yanajieleza. Toleo ni kutoka kutoa, sawasawa na neno la Waingereza lililotokana na Kilatini edere, kutoa nje. Chapa imetujia kutoka Bara Hindi, chhap, yaani muhuri, ndiyo maana kitabu hupigwa chapa na ng'ombe naye hupigwa chapa. Mchapishaji hutoa, mtambo hugandamiza. Lakini vitabu vyetu vimetuzoesha vibaya: utakuta vimeandikwa "toleo la pili" hata pale ambapo hakuna nukta iliyohama.

Si sisi peke yetu. Great Expectations, riwaya ya Mwingereza Charles Dickens, ilitolewa na Chapman and Hall mwaka 1861 kwa juzuu tatu, na mwaka huohuo zikafuata nakala zilizoandikwa toleo la pili, la tatu, mpaka la tano, herufi zikiwa zilezile. Ukipima kwa herufi, zote ni toleo moja. Sokoni inayotafutwa ni ile isiyotaja toleo lolote. Na kwa kuwa tofauti iliyo wazi ni karatasi moja, ile ya ukurasa wa jina, kuing'oa na kubandika nyingine si kazi ngumu. Fungua kitabu taratibu mpaka kwenye mshono: je, ukurasa wa jina umeshonwa pamoja na wenzake au umegandishwa kwa gundi? Linganisha rangi ya karatasi katika juzuu zote tatu.

Kinachoudhi zaidi ni kosa la uchapaji kugeuzwa hati ya kuzaliwa ya kitabu kizima. Katika A Tale of Two Cities, riwaya nyingine ya Dickens ya 1859, ukurasa wa 213 wa nakala za mwanzo umepewa namba 113. Baadaye namba ikasahihishwa. Lakini kitabu hakikuchapwa ukurasa kwa ukurasa: karatasi kubwa ilikunjwa ikawa kurasa 16, kila karatasi na rundo lake, na mjalidi, yaani mtia jalada, akachota alichokikuta juu. Kwa hiyo 113 inathibitisha kwamba karatasi ile ilichapwa mapema. Karatasi za jirani zina habari zao.

Tazama pia ukingo wa ndani. Riwaya hiyo iliuzwa pia kwa sehemu za kila mwezi, zilizoshonwa ubavuni. Vitundu vya sindano vikiwepo, nakala hiyo ilikusanywa kutoka sehemu hizo ikajalidiwa baadaye, hata kama jalada lake la ngozi linameremeta. Orodha ya matangazo nyuma ya kitabu husaidia upande mmoja tu: ikiwa na mwaka wa mbele kuliko ukurasa wa jina, kitabu kilijalidiwa baadaye, ikiwa na mwaka uleule, haijathibitisha kitu, kwani mjalidi aliweza kutumia orodha iliyobaki.

Basi ndugu muuzaji, usifute neno toleo kwenye tangazo lako, liongezee tu: "toleo la kwanza, 1859, ukurasa wa 213 una namba 113, vitundu vya mshono vipo." Na kama namba imesahihishwa, andika imesahihishwa, toleo lako litabaki la kwanza vilevile.