Mwanamke aliyepita hamsini na likizo ya peke yake: yanayosemwa na yaliyo kweli

Mwanamke aliyevuka miaka hamsini akitangaza kwamba anakwenda likizo peke yake, swali la kwanza huwa "na nani?" na la pili "huogopi?" Maswali yote mawili yanamvuta pembeni. Anaanza kupanga safari kwa kujikinga na mtu mbaya gizani, huku pasipoti imebakiza miezi mitano, dawa za presha amezipanga kwenye sanduku linaloshushwa tumboni mwa ndege, na bima ina kifungu ambacho hajakisoma. Hofu ina haki yake, ila imeelekezwa siko.

"Mwanamke peke yake ni windo"

Magonjwa ya moyo na ajali ndiyo sababu kuu za vifo vya wasafiri ugenini, na katika ajali, barabara iko mbele. Kwa hiyo usalama unaanzia kwenye mambo ya kawaida kabisa: usipande gari lisilo na mkanda, usipande pikipiki bila kofia ngumu, na pakiwa na basi la mchana usichague la usiku ili tu kuokoa gharama ya chumba.

Uhalifu upo, lakini unaompata msafiri wa umri huu mara nyingi ni wa mikono myepesi na maneno matamu: mkoba unachomolewa, teksi si rasmi, "msaidizi" amejitokeza kwenye mashine ya ATM. Anayelengwa ni mtu aliyechoka, mwenye mizigo mikononi, asiyejua anakokwenda. Ndiyo maana saa ya kufika ina uzito kuliko sifa ya mtaa. Tafuta ndege inayotua kabla ya saa tisa alasiri. Ukiongeza saa mbili za uhamiaji na mizigo, na saa moja ya barabara, mara nyingi bado utaingia chumbani kuna mwanga. Usiku wa kwanza na wa pili ulipiwe mapema hata kama unapenda kujiamulia mambo njiani, hoteli yenyewe ikuagizie gari, na anwani uwe nayo kwenye karatasi kwa maandishi ya nchi unayokwenda, kwa sababu simu ikiisha chaji hapo hutakuwa na kingine cha kumwonyesha dereva.

Chumba kizuri ni cha kuanzia ghorofa ya pili hadi ya sita au hivi: dirisha halifikiki kutoka mtaani, na ngazi za zimamoto mara nyingi bado zinafika. Kabari ya mlango inayosifiwa sana husaidia tu pale mlango unapofungukia ndani, na kwenye vigae vilivyong'arishwa huteleza isipokuwa ina mpira chini. Ni kifaa kizuri cha kukupa usingizi, si zaidi ya hapo.

Kinachoharibika mara nyingi zaidi ni mawasiliano na nyumbani. Msafiri huahidi "nitawaandikia kila siku", bila saa. Siku moja mtandao unakosekana na ukoo mzima unalala macho. Ahadi inayofanya kazi ina sehemu tatu: mtu mmoja tu anayepokea taarifa, saa maalumu ya kupokea (kwa saa za nyumbani), na hatua zilizoandikwa iwapo kimya kitazidi. Kwa mfano: ujumbe usipofika usiku, asubuhi anapiga simu hotelini, zikipita saa ishirini na nne bila jibu, anapiga ubalozini. Mtu huyo awe na nakala ya pasipoti yako, namba ya bima na ratiba. Wengine wapate picha za bahari.

"Bima ni bima, chukua ya bei nafuu"

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Bima za safari hupangwa kwa makundi ya umri, na kwa kampuni nyingi bei huanza kupanda au masharti kubadilika unapokaribia miaka 65 au 70. Bima ya bure inayokuja na kadi ya benki mara nyingi ina kikomo cha umri kilichoandikwa kwa herufi ndogo.

Zito zaidi ni ugonjwa uliokuwa nao kabla ya kununua. Presha, kisukari, lehemu (kolesteroli) iliyozidi, pumu, uvimbe uliochunguzwa miaka iliyopita: vyote hutajwa, hata kama unajisikia mzima. Wengi hudhani ugonjwa "uliotulia" si ugonjwa. Kwa kampuni ya bima, kutulia kuna maana yake: katika miezi kadhaa iliyowekwa kwenye mkataba hukubadilishiwa dawa, hukuongezewa wala kupunguziwa dozi, hukulazwa, na huna kipimo unachosubiri majibu yake. Daktari akikupunguzia dawa ya presha wiki tatu kabla ya safari, hiyo ni habari njema kwako, lakini kwa mkataba ni badiliko. Wapigie simu, uwaambie, na uombe jibu kwa maandishi.

Kisha tafuta mambo manne ndani ya mkataba: matibabu ya hospitali, kusafirishwa kimatibabu hadi hospitali inayofaa au nyumbani, shughuli zilizotengwa (pikipiki, kupiga mbizi, kupanda juu ya urefu fulani), na namba ya dharura inayopokelewa saa ishirini na nne. Kuokolewa mlimani na kurudishwa nyumbani ni vitu viwili tofauti. Kimoja kikiwapo kingine huweza kukosekana. Na namba hiyo ipigwe kabla ya kulazwa, si baada, kwa sababu madai huweza kukataliwa kwa hoja kwamba kampuni haikuidhinisha. Wanaoomba viza ya Schengen (viza moja ya nchi nyingi za Ulaya) hudaiwa bima ya angalau euro 30,000; kiasi hicho ni cha kukupitisha dirisha la viza tu, usikichukue kama kipimo cha kinachotosha.

"Umri huu umeshamaliza chanjo"

Chanjo ya homa ya manjano inawachanganya wengi. Tangu Julai 2016, cheti cha chanjo hiyo kinatambuliwa kwa maisha yote, kwa hiyo kadi yako ya zamani, hata yenye tarehe ya mwisho iliyokwisha pita, bado ni halali. Itafute kabla ya kukubali sindano nyingine. Kama hujawahi kuchanjwa na umefika miaka 60, usiichukue kimazoea: dozi ya kwanza katika umri huo ina hatari kubwa kidogo ya madhara makali kuliko kwa vijana. Daktari hupima hatari ya huko unakokwenda dhidi ya hiyo ya chanjo, na akiona haifai anaweza kukuandikia cheti cha msamaha, ingawa nchi unayoingia ndiyo huamua kama itakipokea. Anayechanjwa kwa mara ya kwanza akumbuke kwamba cheti huanza kufanya kazi siku ya kumi baada ya sindano. Nenda kliniki ya wasafiri wiki nne hadi sita kabla ya kuondoka.

"Dawa zangu ni za daktari, hakuna wa kuzizuia"

Cheti cha daktari hakishindi sheria ya nchi nyingine. Japani huzuia dawa za mafua zenye zaidi ya asilimia 10 ya pseudoefedrini, hata zile zinazouzwa bila cheti kwingineko. Falme za Kiarabu hutaka kibali cha mapema kwa dawa zenye kodeini au tramadoli. Dawa za usingizi na za maumivu makali ndizo za kuuliza kwanza, tena kwa ubalozi wa nchi husika, na ukumbuke pia nchi utakayobadilishia ndege ikiwa utatoka nje ya uwanja.

Dawa zote ziende kwenye mkoba wa mkononi, ndani ya pakiti zake zenye jina lako. Beba za siku zote za safari na wiki moja juu. Jina la dawa liandikwe la kikemikali, kwa sababu jina la kibiashara hubadilika ukivuka mpaka. Insulini isishushwe na mizigo, inaweza kuganda. Sharti la mililita 100 kwa vimiminika huwa haliihusu dawa unayoihitaji njiani, mradi uitoe na kuionyesha kwenye ukaguzi badala ya kusubiri igunduliwe.

Miguu, mlima na mwili uliobadilika

Wapo wanaoamini aspirini moja kabla ya kupanda ndege inazuia damu kuganda. Kwa kazi hiyo peke yake haipendekezwi. Hatari huongezeka katika safari za kukaa zaidi ya saa nne, iwe ndege, basi au treni, na huongezeka zaidi kwa aliyefanyiwa upasuaji karibuni, mwenye saratani, mwenye uzito mkubwa, au aliyewahi kuganda damu. Anayetumia vidonge vya estrojeni kwa ajili ya kukoma hedhi naye yumo. Dawa ileile ikipitia kwenye ngozi, kwa dozi za kawaida, haijaonekana kuongeza hatari hiyo. Hilo ni la kujadili na daktari miezi kabla, si wiki ya kuondoka. Kwa wengine wote: kiti cha pembeni mwa njia, kukunja na kukunjua vifundo vya miguu kila mara, na kwa mwenye hatari, soksi za kubana zinazoishia chini ya goti zenye shinikizo la 15 hadi 30 mmHg, zikiwa zimepimwa mguuni. Soksi isiyo saizi yako hukaza pabaya. Mguu mmoja ukivimba na kuuma baada ya safari, hata wiki mbili baadaye, ni hospitali siku hiyohiyo.

Dhana nyingine ni kwamba mazoezi humkinga mtu na ugonjwa wa mwinuko. Hayamkingi. Anayekimbia kilomita kumi kila asubuhi huugua sawa na asiyekimbia, pengine zaidi, kwa sababu hupanda haraka. Wala umri wa hamsini wenyewe si kosa. Kinachoangaliwa ni moyo na mapafu, na kasi ya kupanda. Kuanzia mita 2,500 dalili zinaweza kuanza. Ukipita mita 3,000, usilale zaidi ya mita 500 juu ya ulipolala jana, na upumzike siku moja kila baada ya siku tatu au nne. Mji wa Cusco, Peru, uko takriban mita 3,400: anayeruka moja kwa moja kutoka usawa wa bahari ameshavunja kanuni kabla ya kufungua sanduku. Kichwa kikiuma pamoja na kichefuchefu, hakuna kupanda zaidi. Mtu akianza kupepesuka au kuhema akiwa ametulia, ashuke mara moja, hata usiku.

"Mtu mmoja hulipa nusu"

Vyumba na safari za kupangwa huuzwa kwa hesabu ya watu wawili, hivyo aliye peke yake hutozwa nyongeza. Kwenye meli za kitalii nyongeza hiyo inaweza kufika nauli nzima ya pili. Baadhi ya waandaaji huiondoa kwenye tarehe zisizo na wateja wengi, wengine hukubali kukuunganisha na mwanamke mwingine wa kulala naye chumba kimoja, na wengine wakikosa wa kukuunganisha naye huifuta. Uliza maswali hayo matatu kabla ya kuweka amana. Na "chumba cha mtu mmoja" kinaweza kumaanisha kitanda chembamba nyuma ya lifti, kwa hiyo omba ukubwa kwa mita za mraba.

Upweke unaoogopwa sana ni mdogo kuliko uchovu wa kuamua kila kitu mwenyewe. Matembezi ya kikundi ya nusu siku, yaliyolipiwa siku ya kwanza au ya pili, hupunguza vyote viwili.

Jina, saa na kadi

Hili huwaangusha wanawake wa umri huu kuliko vijana: jina. Pasipoti ina jina la ndoa, kadi ya benki ina jina la baba, tiketi imekatwa na mtoto kwa jina analolijua yeye. Tiketi lazima ifuate pasipoti, herufi kwa herufi. Aliyeachika au kufiwa na mume na anataka kubadilisha jina, amalize kabla ya kununua tiketi au asubiri arudi. Katikati ndipo matatizo yalipo. Pasipoti yenyewe iwe na angalau miezi sita baada ya tarehe ya kurudi na kurasa mbili tupu, kipimo kinachotosha karibu kila mpaka.

Saa za tiketi nazo zina mtego. Ndege ya Jumanne 00:40 inaondoka dakika arobaini baada ya Jumatatu kwisha, kwa hiyo unatakiwa uwanjani Jumatatu usiku. Kila mara kuna anayefika Jumanne jioni na sanduku lake safi.

Kadi za benki ziwe mbili, za mitandao miwili tofauti (kama Visa na Mastercard), zikikaa sehemu mbili. Mashine ikikuuliza kama ulipe kwa fedha ya nyumbani au ya nchi uliyopo, chagua ya nchi uliyopo. Kiwango cha kubadilisha cha mashine karibu kila mara ni kibaya zaidi. Na kabla ya kutoa laini yako ya simu ili uweke ya ugenini, kumbuka kwamba benki hutuma namba za siri za muda kwenye laini ile ya nyumbani. Simu ya laini mbili, au laini ya kielektroniki (eSIM), huondoa tatizo hilo. Ijaribu ukiwa bado nyumbani, kwa muamala mmoja mdogo.

Mzigo upimwe kwa mikono yako tu: uinue juu ya kichwa, kisha upande nao ngazi za ghorofa mbili bila kutua. Kwa wengi hiyo ni kati ya kilo saba na kumi. Ukizidi, punguza viatu kwanza.