Chapeli ya seminari si kanisa la chuo

Hivi karibuni nililetewa fomu za vijana wanaoomba nafasi ya mchungaji msaidizi, nizipitie. Kwenye mstari unaouliza "Mshirika wa kanisa gani, tangu lini?" watatu walikuwa wameandika jina la chuo walichosoma. Mmoja akaongeza kwa mwandiko mzuri kabisa: "Kanisa la chapeli, miaka minne." Nilicheka peke yangu, nikaacha yapite. Haikupita wiki mbili, nikiwa kwenye mahafali, mshereheshaji akamkaribisha mkuu wa chuo kama "mchungaji wa kanisa letu la hapa chuoni". Walimu wa theolojia waliokaa mstari wa mbele wakapiga makofi. Hapo ndipo uvumilivu uliponiishia.

Maana yenyewe ni fupi. Katika seminari ya Kibaptisti, yaani chuo cha kuandaa wachungaji, chapeli ni ibada ya wanafunzi na walimu wao, inayofanyika siku za kazi, mara mbili au tatu kwa wiki, katikati ya vipindi vya asubuhi. Watu huimba, husali, husikia mahubiri na matangazo, kisha hurudi darasani kuendelea na Kigiriki. Jengo linalotumika kwa ibada hiyo nalo huitwa chapeli. Basi. Shida haiko kwenye maana, iko kwenye mzigo tunaoitwisha, na neno hili lina historia ambayo ingetuzuia kama tungeijua.

Lilianza kama nguo. Katika karne ya 4 palikuwa na askari wa Kirumi aliyeitwa Martin, ambaye baadaye alikuwa askofu wa Tours huko Ufaransa. Inasimuliwa kwamba siku moja ya baridi kali, kwenye lango la mji wa Amiens, alimkuta maskini yuko karibu uchi. Akachomoa upanga, akalikata joho lake vipande viwili, akampa maskini kimoja akabaki na kingine. Baada ya kifo chake mwaka 397, watu walilitunza joho lililohesabiwa kuwa lake, na wafalme wa Wafranki wakawa wanalibeba kwenda nalo vitani na kulitumia katika kula viapo. Kwa Kilatini joho ni cappa, na kijoho ni cappella. Mahali kilipohifadhiwa kijoho pakaitwa cappella vilevile, na makasisi waliokitunza wakaitwa cappellani. Humo ndimo walimotoka makasisi wa jeshi, wa hospitali na wa magereza, na hata ile chaplensia, ofisi ya kasisi wa chuo, unayoiona kwenye mbao za matangazo za vyuo vikuu vyetu. Humo ndimo ilimotoka pia akapela: kuimba "kwa mtindo wa chapeli", bila kinanda. Kwa hiyo kwaya inayoimba akapela siku ya Sabato pale Morogoro inataja, bila kujua, joho la askari wa Kirumi.

Angalia jinsi neno lilivyotembea. Nguo ikawa chumba, chumba kikawa watu wanaokitunza, watu wakawa ibada inayofanyika humo. Katika safari yote hiyo cappella haikuwa kanisa la watu wa mahali fulani. Ilikuwa ya mfalme, ya jeshi, ya nyumba ya watawa, ya hospitali, ya shule. Yaani ilikuwa sehemu ya ibada ndani ya kitu kingine ambacho kazi yake ya kwanza si ibada. Ukiishika picha hiyo umeelewa karibu kila kitu ninachotaka kusema, na seminari imo humohumo: kazi yake ya kwanza ni kufundisha.

Lakini nisiwe mwongo wa nusu. Upo upande mmoja wa historia unaowatetea wale vijana wa fomu. Uingereza, kwa muda mrefu, jina la "kanisa" lilikuwa kama mali ya kanisa la dola, na waliojitenga nalo, Wabaptisti wakiwemo, nyumba zao za ibada ziliitwa chapeli. Charles Spurgeon, mhubiri wa Kibaptisti, alipoitwa kuwa mchungaji London mwaka 1854, akiwa na umri wa miaka 19, waliomwita ni New Park Street Chapel, na hilo lilikuwa kanisa kamili lenye washirika, mashemasi, ubatizo na Meza ya Bwana. Kwa hiyo Mbaptisti wa Kiingereza wa zamani akisema "naenda chapeli" alimaanisha anakwenda kanisani kwake. Sisi, hata hivyo, neno hili halikutufikia kwa njia hiyo. Wamishenari wa Kibaptisti walioanza kazi Kenya na Tanganyika mwaka 1956 walitoka kusini mwa Marekani, ambako hakuna dola iliyowanyang'anya neno "kanisa", na ambako chapeli ilishakuwa jambo la shule na vyuo. Walipoanzisha seminari yao Arusha mwanzoni mwa miaka ya 1960, na baadaye mafunzo kule Tigoni karibu na Limuru, walikuja na ratiba yenye chapeli ndani yake kama walivyoijua kwao. Neno tulilopokea ni la vyuoni.

Na Kiswahili chenyewe kimetutega. "Kanisa" tumelipata kwa Waarabu, nao mzizi wake unarudi kwenye Kiaramu, kwenye neno la kusanyiko. Ndugu yake ni Knesset, bunge la Israeli. Kwa hiyo mtu mwenye kamusi anaweza kusimama na kusema: kanisa ni kusanyiko, chapeli ni kusanyiko, basi chapeli ni kanisa. Kwa hesabu hiyo bunge nalo ni kanisa, na spika ni mchungaji.

Wabaptisti hawakuanza kwa kukusanyika tu. Lile kundi la Waingereza wakimbizi lililokuwa Amsterdam mwaka 1609 pamoja na John Smyth na Thomas Helwys lilibatizana kwa imani na likaamini kwamba kanisa ni watu waliobatizwa wakafungamana pamoja mahali pamoja, wanachagua viongozi wao, wanaumega mkate pamoja, na wanawajibishana. Hilo neno la mwisho ndilo watu hulisahau. Mathayo 18 inasema aliyekosa asiposikia, "liambie kanisa". Sasa niambie, mwanafunzi akikosa, chapeli itaambiwaje? Mkuu wa wanafunzi anaweza kukuita ofisini, anaweza kukusimamisha masomo muhula mzima. Hawezi kukutenga na ushirika, kwa sababu hakukupokea kwenye ushirika. Ulipokelewa na idara ya udahili, kwa vyeti na ada. Siku cheti kingine kitakapotolewa, utaondoka, na hakuna atakayekuandikia barua ya kukuhamisha ushirika, maana hapakuwa na ushirika wa kuhamisha.

Ndiyo maana kwa desturi, ingawa si kila mahali, chapeli za Kibaptisti hazibatizi wala hazihudumii Meza ya Bwana. Zipo seminari zinazoumega mkate mwanzoni mwa mwaka wa masomo, na walimu wao wenyewe hubishana chini ya mwembe kama ni sawa. Huo ubishi naupenda. Unaonyesha wanajua kuna mstari hapo. Kinachonikera ni yule asiyejua kama kuna mstari.

Wengine huniuliza: kama si kanisa, mahubiri ya pale ni mahubiri kweli, au ni mazoezi? Hapa tena Kiswahili kinatusaidia kuliko tunavyokipa sifa. Tuna maneno matatu, yote yametoka Uarabuni. Mhadhara ni wa darasani, na una mzizi mmoja na hadhara. Hotuba ni khutba, ile ya mimbari ya Ijumaa, ingawa huku bara tumeiachia zaidi wanasiasa. Na kuhubiri kuna mzizi mmoja na habari. Anayehubiri analeta habari. Hatoi mada, hasomi ripoti. Chapeli, pamoja na kutokuwa kanisa, ni mahali pa kuhubiri hasa, na wanaopanda pale na mhadhara wao wa darasani wamekosea mlango.

Mazoezi yana mahali pake, kwenye darasa la homiletiki, somo la kuandaa na kutoa mahubiri. Pale wenzako wana kalamu na karatasi ya alama: utangulizi, sauti, macho, muda. Seminari ya Southern, ya Wabaptisti wa Marekani, iliyoanza Greenville, South Carolina, mwaka 1859 kabla ya kuhamia Louisville, ilifunguliwa upya baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe ikiwa na wanafunzi saba tu. Mwalimu wake John Broadus alijikuta kwenye darasa la kuhubiri na mwanafunzi mmoja, naye kipofu. Akamwandalia mihadhara kwa ukamilifu uleule ambao angewaandalia mia, na mihadhara hiyo ndiyo iliyozaa kitabu chake cha mwaka 1870 kuhusu kuandaa na kutoa mahubiri, ambacho vizazi vya wahubiri vimefundishwa kwacho. Ile ilikuwa mihadhara kuhusu mahubiri. Spurgeon naye alikuwa na Ijumaa zake alasiri na wanafunzi wa chuo chake, akiwatania na kuwakemea kuhusu sauti, mikono na maombi marefu. Nayo haikuwa mahubiri, na hakuyaita hivyo.

Chapeli ni kitu kingine, na ni kigumu kuliko vyote viwili. Wasikilizaji wote wanajua mlango wa nyuma wa jikoni. Ukisema "kwa Kigiriki neno hili", watu sitini wanafungua Kigiriki kukuhakiki. Mwanafunzi anayepewa zamu hujaribiwa kuwahubiria walimu wake, na mwalimu hujaribiwa kumalizia pale alipoishia darasani Jumanne. Nimekaa kwenye chapeli nikasikiliza dakika arobaini za hoja kuhusu tarehe ya kitabu cha Danieli, na hakuna aliyetoka na habari yoyote, njema wala mbaya. Bora yule mzee wa kijijini aliyealikwa mara moja, Kiswahili chake kimejaa Kisukuma, akasoma zaburi moja na kutuuliza kama kuna mtu humu anasali bado.

Tofauti ya kanisa na chapeli iliwahi kuonekana kwa uchungu pale Louisville. Aprili 1961 Martin Luther King, naye mhubiri wa Kibaptisti, alizungumza kwenye chapeli ya Southern, wakati ubaguzi wa rangi ukiwa ndiyo sheria kusini. Waliokuwa ndani walimpokea. Ghadhabu ilitoka nje: baadhi ya makanisa yalizuia michango yao, na wadhamini wa chuo wakatoa tamko la kusikitika kwa waliokwazika. Mimi naona King alikuwa na haki, na wadhamini walipaswa kuona haya. Ila angalia nani alikuwa na nguvu ya kufanya nini. Mialiko ilikuwa mikononi mwa chuo, lakini washirika, kura na vikapu vya sadaka vilikuwa makanisani. Chapeli haikuwa na hata kimoja.

Nimebakiza kero ndogo, niitoe haraka. Kiongozi wa nyimbo akisema, "Tumalize ibada, kisha tumkaribishe mhubiri," anakata kitu kimoja vipande viwili, na hana hata maskini wa kumpa kimoja. Ibada imetoka kwenye mzizi wa abd, mtumwa, mtumishi. Kusikiliza Neno ukiwa umekaa kimya ni utumishi kama kuimba ukiwa umesimama. Warumi 12 inaita miili yetu iliyotolewa dhabihu "ibada yenu yenye maana", na hakuna gitaa kwenye mstari huo. Kama ni sehemu ya nyimbo, iite sehemu ya nyimbo.

Turudi kwenye fomu. Wale vijana watatu sikuwakataa, wala sikuwaandikia barua ya theolojia. Niliwapigia simu mmoja mmoja nikauliza: Jumapili ulikuwa unasali wapi? Mmoja alitaja kanisa lililo nyuma ya soko, alikokuwa akifundisha watoto shule ya Jumapili kwa miaka mitatu. Nikamwuliza mbona hakuliandika. Akasema alidhani ni dogo mno kwa fomu. Nikamwambia alifute jina la chuo, aandike hilo, na chapeli aiweke kule kwenye kipengele cha elimu.