Chuchu kuuma kwa mama wa mtoto wa kwanza: maswali ya wadada wa Mbeya na majirani zao

Dada nina mimba ya miezi 8, bibi yangu wa Tukuyu anasema nisugue chuchu na taulo kila nikioga ili zikomae. Kweli?

Shikamoo kwa bibi, ila hapana. Chuchu hazikomazwi kama kisigino mdogo wangu. Vile vipele vidogo unavyoviona kwenye weusi wa ziwa ndo vinatoa mafuta ya kuilinda ngozi, sasa ukisugua unayaondoa, na mimba ikiwa kubwa kuchezea chezea chuchu kunaweza kuleta tumbo kubana. Oga maji tu, sabuni usiipeleke huko.

Sasa kama sio ulaini, kwanini zinachanika?

Mara nyingi sababu ni mtoto anavyoshika ziwa, na hapa nitaongea kidogo maana ndo penyewe. Mtoto akishika chuchu peke yake anaiminya kwenye kaakaa, sehemu ngumu ya juu mdomoni, mara 8 hadi 12 kwa siku, hata ungekuwa na ngozi ya tembo ingechubuka. Kwahiyo mgusishe chuchu juu kidogo ya mdomo, subiri afungue mdomo wote kama anayepiga miayo, halafu mlete yeye kwenye ziwa, usiiname wewe (na mgongo utakushukuru). Tumbo lake lilale kwenye tumbo lako, kidevu kiguse ziwa, mdomo wa chini ubinukie nje, na weusi uonekane zaidi juu kuliko chini. Siku za kwanza kuuma sekunde chache anapoanza ni kawaida, ila kama inauma mpaka anamaliza au chuchu inatoka imechongoka kama penseli, ujue hajashika vizuri. Mtoe umuanze upya, na usimchomoe kwa nguvu, pitisha kidole kidogo kisafi pembeni ya mdomo aachie kwanza.

Nipake nini cha asili?

Maziwa yako mwenyewe. Akimaliza kunyonya kamua matone mawili matatu, paka, acha zikauke zenyewe kabla ya kuvaa. Mafuta ya nazi safi, kidogo sana, yanalainisha, hayo sina ugomvi nayo. Na kwa sie wa Rungwe na Njombe wenye parachichi hadi za kuwapa majirani, tunda lile kula wewe, usilipondeponde kifuani.

Asali hapana kabisa! Inaweza kuwa na vijidudu vya sumu hatari kwa mtoto wa chini ya mwaka 1. Alovera nayo chungu na inaharisha, mtoto atalisusa ziwa.

Niko Makete, baridi ya Julai chuchu zinakuwa nyeupe halafu zinachoma kama moto

Hiyo ni mishipa ya damu inabana kwa baridi. Usikae kifua wazi baada ya kunyonyesha, funika haraka na kitambaa cha uvuguvugu. Sidiria ikilowa maziwa badilisha, unyevu unalainisha ngozi ikapasuka.

Zimeshachanika, nimwachishe kwanza zipone?

Usimwachishe, ziwa litajaa liwe gumu mtoto ashindwe kulishika kabisa. Anza na upande usiouma sana maana mwanzoni ndo ananyonya kwa njaa. Ukizidiwa, kamua umpe kwa kikombe.

Kliniki niende lini?

Homa na ziwa jekundu lenye moto, usaha, utando mweupe mdomoni mwa mtoto usiofutika, au ulimi wake unaonekana umefungwa chini, nenda leo leo. Na kwakuwa mikoa yetu hii ya Njombe, Iringa na Mbeya ndo inaongoza kwa VVU nchini, niseme wazi: mama mwenye VVU chuchu ikitoa damu asinyonyeshe upande huo, akamue maziwa yake amwage, aendelee na ziwa lingine lililo zima, dawa asiruke hata siku moja, na awahi kliniki bila kungoja tarehe yake.