Krakatau 1883: walioua ni maji, sio moto

Kila nikienda kutoa elimu ya majanga huwa nawauliza watu volkano inauaje, na karibu wote wanajibu moto. Hapo ndo nawaambia habari ya Krakatau.

Ni kisiwa kilichokuwa kati ya Java na Sumatra, Indonesia, enzi hizo Waholanzi ndo wanatawala. Kilianza kufuka Mei 1883 na watu wakakizoea, wengine wakapanda hadi meli kwenda kukitazama. Agosti 27 asubuhi kikalipuka, sehemu kubwa ya kisiwa ikazama baharini. Mlio ukasikika mpaka kisiwa cha Rodrigues huku Bahari ya Hindi, kama kilomita 4,800, na mkuu wa polisi wa kule akaona ni mizinga inapigwa. Yaani ukae Dar usikie kitu kimelipuka Accra!

Wapo waliounguzwa na majivu ya moto, ila kati ya watu zaidi ya 36,000 waliokufa, wengi mno walichukuliwa na maji. Mlima ukiporomokea baharini maji lazima yaende mahali, na siku ile yalienda kwa mawimbi ya zaidi ya mita 30, meli ya kivita ya Waholanzi ikabebwa ikatupwa nchi kavu zaidi ya kilomita 2 ndani.

Halafu ikawa habari ya dunia nzima. Gesi ya salfa ilipanda juu sana angani ikasambaa, dunia ikapoa kidogo, na jua likawa linazama na wekundu wa kutisha, kule Poughkeepsie na New Haven, Marekani, zimamoto wakatoka mbio wakidhani mji unaungua. Hata huku kwetu Afrika Mashariki mwaka uliofuata bahari ilileta yale mawe mepesi yenye vitundu, kama yale ya kusugulia visigino, yameelea kutoka huko huko.

Na haijaisha. Mwaka 1927 volkano changa ilichomoza palepale, wakaiita Anak Krakatau, mtoto wa Krakatau. Usiku wa Desemba 22, 2018 ubavu wake ulimomonyoka ukaingia baharini, mawimbi makubwa yakapiga pwani, watu zaidi ya 400 wakafa, wengine walikuwa ufukweni wanasikiliza muziki. Tahadhari haikutoka kwa sababu mitambo ya kuonya watu kuhusu mawimbi hayo ilikuwa imewekwa kusubiri tetemeko kubwa la ardhi, na usiku ule halikuwepo.