Kimiminika Hata Kisipomiminika

"Taratibu, kaka, kinavunjika." Ndivyo alivyosema dada aliyekuwa mbele yangu kwenye foleni ya ukaguzi, akimkabidhi mkaguzi tufe la theluji, ile mipira ya kioo yenye kinyumba kidogo ndani na chenga nyeupe zinazoelea ukilitikisa. Alilitoa kwenye skafu kama anayemfunua mtoto mchanga. Mkaguzi akamwambia kwa upole kwamba vimiminika vya namna ile havipiti na begi la mkononi. Dada akashangaa kweli. Akaligeuza tufe juu chini, akalitikisa, akamwonyesha: "Hiki si kimiminika, kaka. Hakimiminiki. Angalia mwenyewe."

Halikutoka hata tone. Lakini tufe lilibaki mezani, na mwenyewe akapita akifuta machozi.

Hoja ile nimekwisha kuisikia mara nyingi mno, tena kwa watu wenye akili timamu, na sidhani kosa ni ubishi. Kosa liko kwenye neno. Watu wanalisikia neno "kimiminika" kwa sikio la nyumbani, na sikio la nyumbani linawaambia kwamba kisichomwagika si kimiminika.

Maana yenyewe haihitaji maneno mengi. Katika ukaguzi wa abiria wa ndege, kimiminika ni maji, mafuta, manukato, vinywaji, na pia vile vilivyo katikati ya maji na yabisi: jeli, losheni, dawa ya meno, asali, siagi ya karanga, pamoja na vya kupuliza vilivyo kwenye makopo. Kanuni iliyoenea duniani inataka kila chombo kisizidi mililita 100, na vyombo vyote viingie kwenye mfuko mmoja mwangavu wa lita 1 unaofungika. Viko viwanja vyenye mashine mpya ambavyo vimeanza kulegeza masharti hayo, ila kila kiwanja unachobadilishia ndege kina masharti yake, kwa hiyo anayesafiri na zawadi apange safari kwa kanuni iliyo kali zaidi njiani. Yanatosha hayo. Turudi kwenye neno.

Mzizi ni kitenzi mimina. Tukikiweka kwenye kauli ya kutendeka tunapata miminika, na kutoka hapo tunapata jina kimiminika. Tatizo ni kwamba kauli ya kutendeka ina sura mbili, na wengi wetu hatukuambiwa hivyo darasani. Sura ya kwanza ni ya tukio: kikombe kimevunjika, maji yamemwagika, jambo limeshatokea. Sura ya pili ni ya uwezekano, ya tabia ya kitu. Tunaposema "njia hii inapitika", hatusemi kwamba kuna mtu anapita sasa hivi. Inawezekana hajapita mtu tangu jana. Tunaposema "maji haya yananyweka", bilauri inaweza kuwa bado imejaa. Tunaeleza kitu kilivyo, hata kama hakuna kilichokipata.

Kimiminika kimezaliwa kwenye sura hiyo ya pili. Ni kitu chenye tabia ya kumiminika pindi kikipata upenyo. Kukiziba hakubadilishi tabia yake, kama vile kuifunga barabara kwa siku moja hakuigeuzi kuwa pori.

Na dada yule alikuwa akiijua sura hiyo vizuri kabisa, maana ndiyo aliyoitumia kwanza. "Taratibu, kinavunjika." Tufe lilikuwa zima, halina ufa, lakini hakuna aliyembishia kwa kusema mbona halijavunjika. Sote tulimwelewa: kioo ni cha kuvunjika. Dakika moja baadaye, kwa kitu kilekile na kwa kiambishi kilekile cha -ika, akakataa kwamba maji yaliyomo ni ya kumiminika kwa sababu hayajamiminika. Ukikubali kwamba tufe zima ni kivunjika, huna budi kukubali kwamba tufe lililozibwa ni kimiminika. Tena hivyo viwili vinafuatana: siku likivunjika ndiyo siku litakapomiminika.

Wapo wanaopendelea neno kiowevu, na sina ugomvi nao. Neno hilo linaegemea hali ya kulowa. Ninaloligomea ni lile la tatu, "maji tu". "Si kimiminika hicho, ni maji tu." Kwanza, mara nyingi si maji tu. Watengenezaji wengi wa matufe ya theluji huchanganya maji na gliserini ili chenga zishuke polepole, au na glikoli ili yasigande baridi ikizidi. Pili, kimiminika hakihitaji kuwa na uhusiano wowote na maji. Zebaki ni metali, na ni kimiminika. Ndiyo maana kipimahewa cha kale chenye zebaki, ambacho watu hununua kama pambo la ukutani, abiria wa kawaida haruhusiwi kukipakia kwenye ndege, si mkononi wala kwenye sanduku: zebaki ikivuja hushikamana na aluminiamu na kuila, na sehemu kubwa ya ndege nyingi ni aluminiamu. Kipimajoto cha Galileo nacho, kile kichupa kirefu chenye vitufe vya rangi vinavyopanda na kushuka, hakina lazima ya kuwa na maji. Vingi vina mafuta mepesi yanayowaka. Anayesema "maji tu" kwa kawaida hajui kilichomo, na mkaguzi naye hajui.

Hapo ndipo ilipo sababu ya kanuni yenyewe. Tarehe 10 Agosti 2006 polisi wa Uingereza walitangaza kwamba wamevunja njama ya kulipua ndege za kwenda Marekani na Kanada kwa vilipuzi vya majimaji vilivyotengenezwa kwa haidrojeni peroksidi na kufichwa ndani ya chupa za vinywaji. Kwa macho, haidrojeni peroksidi na maji ni ndugu. Mwanzoni vimiminika vilipigwa marufuku karibu vyote, kisha Septemba mwaka huohuo Marekani ikaruhusu vyombo vidogo, na Novemba Umoja wa Ulaya ukafuata na mililita 100.

Sasa tazama hoja ya "limezibwa" kwa jicho la mkaguzi. Chupa ya losheni anaweza kuifungua, akainusa, akaipima kwa karatasi ya kupimia. Tufe la theluji hawezi kulifungua bila kuliharibu. Kule kuzibwa ambako mwenye tufe anakuona kama utetezi ndiko kunakomfunga mkono mkaguzi.

Neno la pili linaloumiza watu ni ujazo. Jaa, jaza, ujazo. Ujazo wa chombo ni kile kinachoweza kukijaza, wala si kilichobaki ndani. Kilichobaki kinaitwa kiasi. Kanuni ya mililita 100 inahusu ujazo wa chombo, ndiyo maana chupa ya mililita 200 iliyobakiwa na robo hukataliwa kila siku, na kila siku mwenyewe husema "lakini imebaki kidogo". Chombo hakikupungua. Kilichopungua ni kiasi.

Kwa tufe la theluji, ujazo na kiasi hukaribia kuwa sawa, kwa kuwa kiwandani hulijaza pomoni. Ila hakuna aliyeandika ujazo juu yake, kwa hiyo watu hukadiria kwa macho, na macho hudanganyika vibaya mbele ya tufe. Tufe lenye ujazo wa mililita 100 lina kipenyo cha ndani cha takriban sentimita 5.8. Ongeza kama sentimita moja na nusu tu, ufike 7.2, na tayari unakaribia mililita 200. Kwenye sentimita 8 umepita 260. Kipenyo kikiongezeka kidogo, ujazo unaruka, kwa sababu unakua kwa kipeo cha tatu. Lile tufe linalotoshea vizuri kiganjani, ambalo kila mnunuzi huliona dogo, mara nyingi limeshavuka mpaka.

Marekani waliliona tatizo hili la kukadiria. Kwa miaka kadhaa mamlaka yao ya usalama wa usafiri, TSA, ilikataa kabisa matufe ya theluji kwenye mizigo ya mkononi, makubwa kwa madogo. Mwaka 2012 ikalegeza: tufe linaloonekana kuwa na majimaji chini ya kiwango, yaani la ukubwa wa mpira wa tenisi hivi, linaweza kupita ikiwa lote, pamoja na kitako chake, linaingia kwenye mfuko mwangavu wa vimiminika. Uamuzi wa mwisho bado ni wa ofisa aliye mbele yako.

Basi mahali pake ni kwenye sanduku linalokwenda chini, na hapo nakutana na hofu nyingine inayotokana na kusikia vibaya: kwamba chini hakuna hewa, na kioo kitapasuka. Katika ndege kubwa za abiria, chumba cha mizigo kina mgandamizo wa hewa sawa na ule wa chumba cha abiria, ambao huruhusiwa kushuka hadi ule wa mwinuko wa mita 2,400 hivi. Maji yenyewe hayajali mabadiliko hayo. Kinachojali ni kiputo cha hewa kilichobaki juu ya maji, ambacho, kama kingekuwa huru, kingevimba kwa kama theluthi moja. Tufe lililozibwa vizuri hustahimili. Lile ambalo kizibo chake cha mpira tayari kinatoa unyevunyevu litavuja, kwa hiyo lipapase kwanza chini ya kitako. Kisha mfuko wa plastiki wa kufungika, nguo nene pande zote, na katikati ya sanduku badala ya pembeni.

Kibandiko cha "kinavunjika" kibandike kama kinakutuliza, lakini kisikupe matumaini makubwa. Mkataba wa Montreal wa 1999 unaliwajibisha shirika la ndege kwa mzigo uliokabidhiwa ukiharibika, na malalamiko yapelekwe kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu kuupokea. Ila shirika haliwajibiki kwa kiwango ambacho uharibifu umetokana na asili ya kitu chenyewe au kasoro yake. Sheria nayo inauliza kitu kilivyo, kama kiambishi chetu -ika.

Inasaidia pia kukumbuka kwamba bila kimiminika tufe hili lisingekuwepo. Mwaka 1900 huko Vienna, Erwin Perzy, fundi wa vifaa vya upasuaji, alikuwa akitafuta namna ya kuongeza mwanga wa taa ya umeme kwa kutumia tufe la kioo lenye maji, mbinu ambayo washona viatu waliitumia mbele ya mshumaa. Akatia ndani chenga za ngano ili zirudishe mwanga. Mwanga haukuongezeka sana, lakini zile chenga zilizama taratibu, na yeye akaona theluji. Yaondoe maji, na chenga zote zitalala chini kwa mpigo.

Kwa hiyo, dada yangu wa kwenye foleni, kama unasoma: ulipomwambia kaka yule "kinavunjika" ulisema kweli, na sentensi uliyoikosa ni ile iliyofuata. Ungesema "na mna kimiminika ndani" ukiwa bado kwenye dirisha la kukabidhi mizigo, sanduku lako likiwa wazi na skafu yako mkononi, tufe lingeshuka chini pamoja na nguo.