Breki Kabla ya Pedali: Kumfundisha Mwanafunzi Baiskeli

Mtoto akizunguka kiwanja mara mbili bila kuanguka, watu wazima husema, "Ameshajua." Kwa kweli amejua sehemu rahisi kuliko zote. Baiskeli ikishakuwa kwenye mwendo hujisaidia yenyewe kukaa wima. Kinachomuumiza mtoto ni kushindwa kuisimamisha kwa wakati, au kuhama upande mmoja bila kutazama nyuma. Ndiyo maana tunashauri shule na wazazi waanze na breki, pedali zije baadaye.

Kwanza baiskeli yenyewe. Mtoto asimame juu ya fremu, mguu mmoja kila upande na nyayo zote chini. Kati ya mwili wake na paipu ya juu ibaki nafasi ya angalau sm 3. Baiskeli kubwa ya "atakua nayo" ni ya kukataa bila kuoneana haya, kwa sababu akishtuka hana pa kuweka mguu. Kwa anayeanza, shusha siti mpaka nyayo zote mbili zikanyage chini akiwa amekaa. Akizoea, ipandishe kidogo kidogo hadi goti libaki limekunjika kiasi tu pedali ikiwa chini kabisa.

Ukaguzi wa kabla ya kila somo hauchukui hata dakika tano. Minya tairi kwa kidole gumba. Likibonyea kirahisi, piga pampu. Bana gurudumu la mbele kati ya magoti yako ujaribu kuzungusha usukani: ukizunguka peke yake, nati imelegea. Shika breki ya mbele huku ukisukuma baiskeli mbele. Gurudumu la nyuma linapaswa kutaka kuinuka. Shika ya nyuma. Gurudumu liburuzike bila kuzunguka. Mkono wa breki ukigusa usukani kabla breki haijashika, ama waya umelegea ama raba zimelika. Kuna kasoro nyingine ambayo mtu mzima haioni, kwa kuwa yeye ana vidole virefu: breki nzima kabisa, lakini mtoto haifikii. Mwambie aishike mbele yako. Mikono mingi ya breki ina skrubu ndogo ya kuisogeza karibu na usukani.

Cheni ya baiskeli isiyo na gia, ukiibonyeza katikati, icheze kati ya sm 1 na 2. Ikilegea zaidi huchomoka mtoto anapokanyaga kwa nguvu. Kwenye baiskeli inayofunga breki kwa kukanyaga pedali kinyumenyume, cheni ikichomoka na breki imekwenda nayo. Baiskeli ya namna hiyo inahitaji pia breki ya mkono.

Helmeti ikae sawa juu ya paji la uso, upana wa vidole viwili juu ya nyusi. Iliyosukumwa kisogoni haikingi paji la uso. Mikanda ikutane chini ya sikio, na chini ya kidevu paingie kidole kimoja au viwili. Ikishapigwa kwa nguvu mara moja, itupwe hata kama haina ufa unaoonekana.

Somo la kwanza lifanyike kwenye kiwanja tambarare na kikavu, chenye urefu wa mita 30 hivi. Fungua pedali zote mbili. Ya kushoto hufunguka kwa kuzungusha spana kinyume cha ilivyozoeleka. Wengi huikaza zaidi wakidhani imeganda. Mtoto aikokote baiskeli akitembea kando yake, na kila ukipiga filimbi ashike breki zote mbili. Fanyeni hivyo mpaka vidole vyake viende vyenyewe. Kisha akae kwenye siti, ajisukume kwa miguu, mwanzo kwa hatua fupi, baadaye kwa hatua ndefu. Siku atakayoinua miguu yote miwili na kuteleza mita 5 akitazama mbele, rudisha pedali. Magurudumu ya pembeni hatuyapendekezi: yanaizuia baiskeli kulala upande, na kulala upande ndiyo namna inavyokata kona.

Ukihitaji kumsaidia, mshike mabega au kwapani kutoka nyuma. Ukishika usukani, unaendesha wewe.

Zoezi la breki lipewe muda mrefu kuliko yote. Kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa, mtoto hupita zaidi ya mita 4 kila sekunde, na sekunde nzima inaweza kupotea kabla hajaanza kushika breki. Chora mstari kwa chaki, aje kwa mwendo wa kawaida, ashike breki anapofika kwenye mstari, kisha mpime naye kwa hatua alipoishia. Breki ya mbele ina nguvu zaidi, kwa kuwa uzito mwingi husogea mbele baiskeli inapopunguza mwendo. Akiikaba ghafla peke yake anaweza kurushwa juu ya usukani. Ya nyuma ikikabwa peke yake, gurudumu huteleza. Azikaze zote mbili pamoja, polepole kisha kwa nguvu, huku akisukuma makalio nyuma. Penye mchanga, kokoto au maji apunguze mwendo kabla ya kona, asishike breki akiwa ndani yake.

Zoezi la pili ni kutazama nyuma. Mtu akigeuza shingo, bega na mkono hufuata, na baiskeli huhamia upande aliotazama. Chora mistari miwili iliyoachana mita 1, mtoto apite katikati yake huku wewe umesimama nyuma ukiinua vidole. Ageuke, ataje idadi, asiguse mstari. Akiweza hivyo pande zote mbili, mfundishe kunyoosha mkono kuonyesha anakokwenda. Asiyeweza hajafika hatua ya barabarani. Fikiria shimo lililo mbele yake: atalikwepa kwa kuhama ghafla, na gari lililo nyuma halina habari.

Kabla ya barabara kuna njia za mtaani, ambako watu wanatembea, wanauza, wanapiga soga na kufuga. Hapa baiskeli ndiyo chombo cha hatari. Mtoto apige kengele mapema, mita 10 hivi kabla, apunguze mwendo hadi wa mtu anayetembea, na asitarajie kila mtu kusikia. Penye msongamano ashuke akokote. Asipite kati ya mtu na mnyama anayemwongoza: kamba haionekani mpaka imeshamkamata kifuani. Mpira ukivuka njia, asimame, maana nyuma ya mpira anakuja mtoto mwingine.

Mkoba ubebwe mgongoni au ufungwe kwenye keria, kamwe usining'inie kwenye usukani, kwani huyumba na unaweza kuingia kwenye gurudumu. Mtandio, sketi ndefu na kamba za viatu vikunjwe au vifungwe. Asimpakie mdogo wake: mguu wa abiria mdogo kwenye keria huingia kwenye spoku na kuvunjika kifundo.

Watoto walio chini ya miaka 10 hivi huwa bado hawakadirii vizuri kasi ya gari linalokuja, hata kama wana akili darasani. Wasiendeshe peke yao penye magari. Wakubwa wafundishwe barabara tulivu, mkufunzi mmoja kwa watoto wasiozidi sita. Waende upande yanakoelekea magari, kwani dereva anayetoka njia ya pembeni hatarajii baiskeli inayokuja kinyume. Wakae umbali wa mita 1 kutoka magari yaliyoegeshwa, mlango unaweza kufunguliwa. Kando ya lori linalokata kona wasijipenyeze kabisa: dereva hawaoni, na magurudumu ya nyuma hupita ndani zaidi kuliko ya mbele.

Njia ya kwenda shule ipitiwe kwanza siku isiyo ya masomo, mtu mzima akiwa nyuma ya mtoto, akienda upande wa magari. Kila makutano mtoto asimame na kueleza kwa sauti anaona nini na atafanya nini. Palipomshinda mara mbili, ashuke na kuvuka kwa miguu hadi mtakapopafanyia mazoezi tena.