Kitamil si Kihindi, na mengine ninayoyasikia kila wiki

Wiki iliyopita nimeambiwa tena. Safari hii ni mama mmoja anayempeleka mumewe Chennai kwa upasuaji wa moyo. Kaja na faili la vipimo, pasipoti mbili na uso wa mtu aliyekwisha kumaliza kazi ngumu. "Mwalimu, lugha si tatizo. Tunaye kijana anajua Kihindi." Nikauliza kijana ni nani. Ni mtoto wa mwenye duka la vitambaa mtaani kwao. Basi nikajua hadithi itaishia wapi kabla hata chai haijamiminwa.

Nilisoma Chennai miaka minne, na tangu nirudi Dar es Salaam kazi yangu ni kuwaandaa wanaokwenda Tamil Nadu, jimbo la kusini mwa India ambalo mji wake mkuu ni Chennai na lugha yake ni Kitamil: wagonjwa, wasindikizaji wao, wanafunzi. Nimeacha kuhesabu niliowaambia kwamba Kihindi hakitawasaidia sana kule. Wengi huitikia kwa adabu, halafu wanaondoka na kijana wao wa Kihindi.

Nadhani kosa linaanzia kwenye sarufi yetu wenyewe. Mgogo anasema Kigogo, Mhaya anasema Kihaya, kwa hiyo Mhindi atasema nini kama si Kihindi? Jina moja tumelibebesha mizigo miwili: mtu yeyote wa India, na lugha moja ya kaskazini mwa India. Ukweli ni kwamba katiba ya India ina jedwali la lugha 22, na Kihindi ni moja tu kati ya hizo. Ni lugha rasmi ya serikali kuu, pamoja na Kiingereza. Lugha ya taifa, kama Kiswahili kilivyo kwetu, India haina.

Halafu kuna jambo la pili ambalo wateja wangu hawalijui kabisa: hata hicho wanachokisikia madukani Kariakoo mara nyingi si Kihindi. Wahindi wengi waliokuja pwani yetu walitoka Gujarat, Kachchh, Punjab na Goa. Nyumbani wanasema Kigujarati, Kikachi, Kipunjabi, Kikonkani. Kijana wa duka la vitambaa anaongea Kikachi na bibi yake, na Kihindi chake ni cha kwenye sinema. Mtoe hapo umpeleke Chennai, ni kiziwi kama wewe.

Mwaka juzi familia moja ilikwenda na kijana wa namna hiyo. Usiku wa pili, kwenye nyumba ya wageni karibu na hospitali, mgonjwa akapandwa na homa. Kijana akashuka mbio kwa mlinzi, mzee wa Kitamil, akamwambia "bukhar, bukhar". Mzee akamtazama. Kijana akarudia kwa sauti kubwa zaidi, kama vile tatizo ni masikio. Kwa Kitamil homa ni kaaichal, neno ambalo halikaribiani na bukhar hata kwa bahati. Dakika kumi zilipita mpaka mzee akampigia binti yake simu, binti anajua Kiingereza, ndipo daktari akaitwa. Neno moja tu lingetosha.

"Lakini si ni lahaja tu?" Hapo ndipo ninapopoteza subira. Kitamil si lahaja ya Kihindi, wala si binamu yake. Ni ukoo mwingine kabisa, ukoo wa Kidravidi, wenye Kitelugu, Kikannada, Kimalayalam na wengineo, hata Kibrahui kule kwenye nchi ya Wabulushi. Kihindi kiko upande mmoja na Kigujarati, Kiajemi, na ukipanda juu kabisa, hata na Kiingereza. Jambo hili alilionyesha Francis Whyte Ellis, mtawala wa wilaya ya Madras (ndilo jina la zamani la Chennai), mwaka 1816, na mwaka 1856 mmisionari Robert Caldwell akachapisha sarufi linganishi iliyolifunga. Kusema Kitamil ni lahaja ya Kihindi ni sawa na kusema Kimasai ni lahaja ya Kisukuma kwa kuwa wote ni Watanzania.

Asiyeniamini ahesabu mwenyewe. Kihindi: ek, do, tin, char, panch. Kigujarati: ek, be, tran, char, panch. Hawa ni ndugu, huhitaji kuambiwa. Kitamil: onru, irandu, munru, naangu, aindu. Maji kwa Kihindi ni pani, kwa Kitamil tanni. Nyumba ni ghar, kwa Kitamil viidu.

Na sisi tuna bahati ambayo hatuitumii. Kitamil hujenga neno kwa kupachika vipande, kama sisi. Vandeen ni "nilikuja": va- ni kuja, -nd- ni wakati uliopita, -een ni mimi. Badilisha mkia upate vandaan, alikuja mwanamume, vandaal, alikuja mwanamke, vandoom, tulikuja. Sisi tunafunga mabehewa mbele, wao wanafunga nyuma, lakini treni ni ile ile. Wanafunzi wangu wanaosema Kiswahili huipata hii ndani ya wiki moja. Kinachowasumbua ni kwamba Kitamil kina "sisi" mbili: naam, sisi pamoja na wewe ninayesema nawe, na naangal, sisi bila wewe. Ukimwambia mwenye nyumba "naam tutakwenda kula" ukimaanisha wewe na mgonjwa wako, umemkaribisha na yeye.

Mbishi wa mwisho hunijia na maneno ya Kisanskriti, lugha ya kale ya vitabu vya Kihindu, yaliyomo ndani ya Kitamil. Yapo, mengi. Na Kiswahili kina salamu, kitabu, habari na samaki kutoka Kiarabu, je, kimeacha kuwa Kibantu? Mkopo haubadili ukoo. Kuna Watamil walioukasirikia mkopo huo mpaka wakaanza kuurudisha: mwanazuoni aliyeitwa Swami Vedachalam, ambalo ni jina la Kisanskriti, alilitafsiri jina lake mwenyewe kwa Kitamil na kujiita Maraimalai Adigal. Vuguvugu hilo la Kitamil safi lilianza mwaka 1916.

Kwa Watamil jambo hili si la vitabuni tu. Mwaka 1937 serikali ya jimbo la Madras chini ya C. Rajagopalachari ilitangaza kwamba Kihindi kitafundishwa shuleni kwa lazima. Watu zaidi ya elfu moja walikamatwa kwa maandamano, na wawili, Natarajan na Thalamuthu, walifia kifungoni mwaka 1939. Mwaka uliofuata amri ikafutwa. Ilipokaribia tarehe 26 Januari 1965, siku ambayo Kihindi kingebaki lugha rasmi pekee ya serikali kuu, jimbo likawaka moto, na wapo waliojichoma wenyewe. Miaka miwili baadaye chama cha DMK, kilichokipinga Kihindi, kikakitoa madarakani kwa kura chama cha Congress kilichokuwa kikitawala, na Congress haijarudi kutawala jimbo hilo mpaka leo. Hata Mauritius, mwaka 1998, noti mpya zilizoandikwa Kihindi juu ya Kitamil zilizua malalamiko makubwa mpaka zikaondolewa. Kwa hiyo ukimsemesha mzee wa Chennai Kihindi akajibu kwa Kiingereza, au asijibu kabisa, usimwite mjeuri.

Ushauri wangu ni ule ule siku zote: kama huna Kitamil, sema Kiingereza. Daktari atakuelewa, na dereva wa bajaji atakuelewa kwa bei. Ni kweli kwamba siku hizi wahudumu wengi wa hoteli na mafundi ujenzi wanatoka majimbo mengine kama Bihar na Odisha, na kwao Kihindi kinapita. Lakini mama anayefagia wodi, muuza maua, mpishi wa kantini na jirani wa kitanda cha pili ni Kitamil mtupu, na hao ndio utakaokaa nao wiki tatu.

Mengine nitayapitia haraka, isipokuwa moja.

Moja hilo ni la dini. Mzee mmoja wa Pemba alibeba begi zima la samaki wakavu na tende kwa kuwa "kule ni kwa Mabaniani, hakuna nyama ya halali wala msikiti". Sensa ya mwaka 2011 inasema Wahindu Tamil Nadu ni karibu asilimia 88, kweli. Lakini Wakristo ni asilimia 6, na Waislamu karibu asilimia 6, na asilimia 6 ya watu milioni 72 si watu wachache. Nilimwelekeza Triplicane, mtaa wa Chennai wenye msikiti wa Wallajah uliojengwa mwaka 1795, na umbali wa kutembea kidogo tu hekalu kongwe la Parthasarathy. Biriani yake aliila hapo, samaki akawagawia wagonjwa wenzake.

Angejua zaidi angestaajabu zaidi. Waislamu wa pwani ya Tamil, watu wa Kayalpattinam na Kilakarai, walikuwa wafanyabiashara wa baharini kama wa kwetu, na wakaandika lugha yao kwa herufi za Kiarabu. Maandishi hayo yanaitwa Arwi. Kama mababu zetu walivyolazimika kuongeza alama ili Kiarabu kibebe p na ch za Kiswahili, nao waliongeza zao ili kibebe sauti za Kitamil. Na kama sisi tulivyo na tenzi za maisha ya Mtume, wao wanayo Seerapuranam ya Umaru Pulavar, mshairi wa karne ya 17, beti zaidi ya 5,000 kwa mizani ya ushairi mkuu wa Kitamil. Upande wa Wakristo, Kitamil ndicho lugha ya kwanza ya India kupata kitabu kilichochapwa kwa herufi zake, mwaka 1578, kazi ya padri Mjesuti wa Kireno Henrique Henriques. Kabla ya wote hao kulikuwa na Wajaini, wafuasi wa dini nyingine ya kale ya India, na Wabudha: Manimekalai, moja ya tenzi zao kuu za kale, ni ya Kibudha.

"Watamil hawali nyama." Nenda mgahawa wowote wa mapishi ya Chettinad, eneo la huko huko Tamil Nadu. Utalia kwa pilipili, utalia kwa furaha.

"Kivuli cha hekalu la Thanjavur hakigusi ardhi." Thanjavur ni mji wa Tamil Nadu, na hii huletwa na wanafunzi wa uhandisi waliosoma kwenye simu. Kinagusa. Nimesimama ndani yake nikijikinga jua. Cha ajabu kwenye hekalu hilo, lililokamilika mwaka 1010, ni maandishi ya mfalme Rajaraja ukutani, yanayotaja majina ya wanawake 400 waliocheza ngoma hekaluni, na nyumba waliyopewa kila mmoja. Hayo hakuna anayeniuliza.

"Kitamil ni lugha kongwe kuliko zote duniani, mama wa lugha zote." Hii hutoka kwa wenyeji wenyewe, na wasafiri wangu hurudi nayo kama zawadi. Kitamil ni cha kale, na India ilikitambua rasmi kama lugha ya kale yenye fasihi kuu mwaka 2004. Mashairi yake ya mwanzo, yaitwayo Sangam, ni 2,381 kwa jumla, na ya kale kabisa yana kama miaka elfu mbili. Lakini habari ya bara la Lemuria lililozama, ambalo wengine baadaye walisema ndiko walikotoka Watamil wa kwanza, ilianza kwa Mwingereza Philip Sclater mwaka 1864, aliyekuwa akitafuta njia ya kueleza kwa nini Madagaska na India zina wanyama wa jamii ya komba wanaofanana. Sayansi ya mabara yanayosogea iliizika. Na hao wanaojigamba kwa ukale wasisahau kwamba mwaka 1880, kule Kumbakonam, mwalimu U. V. Swaminatha Iyer aliulizwa na hakimu mmoja kama amesoma Sivaka Sintamani, utenzi mkuu wa Kijaini, akakiri kwamba hajawahi kuuona. Aibu hiyo ilimfanya azunguke vijiji na mahekalu miongo kadhaa akikusanya miswada ya majani ya mtende iliyoliwa na mchwa. Bila yeye sehemu kubwa ya ukale huo ingekuwa vumbi.

La mwisho ni la wale wanaojivunia kwamba wamejifunza Kitamil kitabuni. Kitamil cha kuandika na cha kusema ni nguo mbili tofauti. Kitabu kitakufundisha irukkirathu, "ipo". Barabarani utasikia irukku. Ukiongea cha kitabu utaeleweka, ila utasikika kama mtangazaji wa taarifa ya habari anayenunua nyanya. Mimi nafundisha cha kusema kwanza, na walimu wenzangu wanaopinga wakae siku moja wodini.

Mama wa wiki iliyopita nimempa karatasi yenye maneno kumi na mawili. Kaaichal, homa. Vali, maumivu. Tanni, maji. Konjam, kidogo. Akka kwa dada anayefagia, anna kwa kaka wa bajaji, kwa kuwa kule nao, kama sisi, mtu usiyemjua humwiti "wewe". Na poyittu vareen, "naenda nakuja", kwa sababu Mtamil akitoka hasemi tu "naenda", hasa kando ya kitanda cha mgonjwa. Aliyasoma yote kwa sauti, akacheka kwenye jina la lugha yenyewe, ambalo halimalizikii kwa l bali kwa sauti ya ulimi uliokunjwa nyuma. Karatasi kaiweka ndani ya pasipoti. Kijana wa duka la vitambaa hajaambiwa bado kwamba haendi.